Siku Kipenga Alipoachia Vyuma

Mtaa mzima ulimwita Kipenga, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo siku akimkasirikia. Jina hilo lilimganda tangu enzi zake za urefa, alipokuwa akizunguka uwanja na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akipuliza bila kujali aliyecheza rafu ni nani. Aliwahi kumtoa shemeji yake mwenyewe kwa kadi nyekundu katika mechi ya kirafiki, tena mechi ambayo shemeji ndiye aliyenunua mpira. Shemeji alinuna mwaka mzima. Watu walisema Kipenga ana roho ngumu, walisema amezaliwa bila kicheko, walisema mengi. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba amependelea.

Umri ulipomtoa uwanjani, aligeukia kufundisha marefa chipukizi. Kila Jumamosi asubuhi aliwakimbiza vijana, wa kike na wa kiume, kuuzunguka uwanja wa shule, naye mwenyewe akiwa mbele yao. Ndiyo maana mambo yalipoanza kwenda kombo, hakumwambia mtu.

Yalianzia kwenye ngazi. Walikuwa wakiishi ghorofa ya juu, na siku hiyo Kipenga alikuwa amebeba mtungi wa gesi begani, mkewe akimfuata na kapu la sokoni. Walipofika katikati, kitu kikamkaba kifuani, kama mtu amemwekea goti pale katikati na kujiegemeza. Akautua mtungi, akainama.

"Kuna nini tena?" mkewe akauliza.

"Hakuna kitu. Nafunga kamba za viatu."

Mkewe akamtazama miguuni. "Kipenga, umevaa ndala."

Alijaribu kucheka ili na mke acheke, lakini mke hakucheka. Alisimama pale na kapu lake mpaka mumewe alipoinuka, kisha akamwamuru auache mtungi hapo hapo, na jioni hiyo hiyo akampigia simu mkwewe.

Huyo mkwe alikuwa mke wa mtoto wao wa pekee, kijana fundi wa minara ya simu ambaye kazi yake ilimzungusha huku na kule wiki nzima. Mkwe mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kupandisha sauti. Akija kwao alikuwa akiingia moja kwa moja jikoni kumsaidia mama mkwe, na Kipenga alimpenda kwa utulivu wake, ingawa kazi yake hakuielewa vizuri. Alijua tu kwamba yupo hospitali, kitengo cha moyo, na kwamba, kwa maneno yake Kipenga mwenyewe, "anabandika watu vitu kifuani." Hakujua kwamba chumba cha kupimia moyo kwa mazoezi kilikuwa mikononi mwake, na kwamba hakuna karatasi iliyotoka mle bila yeye kuridhika nayo.

Kesho yake Kipenga alikuwa mbele ya daktari wa moyo, mwanamume mfupi mwenye kitambi na macho ya utani. Alipimwa akiwa amelala, mashine ikachora mapigo yake, na michoro ikatoka safi.

"Si unaona?" Kipenga akasema, akianza kufunga vifungo vya shati.

"Naona moyo uliokaa kitako," daktari akajibu. "Mtu akiwa amekaa huwezi kujua kama anachechemea. Mimi nataka kuuona ukiwa kazini."

Akampangia siku ya kuja kukimbizwa kwenye mashine, na masharti akamwachia mkwe ayaeleze. Mkwe aliyaeleza taratibu, huku mama mkwe akisikiliza kwa niaba ya mume. Asinywe kahawa wala chai tangu siku moja kabla. Asije ameshiba. Avae viatu vya kukimbilia. Na kile kidonge chake cha presha kinachopunguza kasi ya mapigo, daktari ameagiza akiache usiku wa kuamkia kipimo na asubuhi yake, kisha akirudie. Dawa nyingine zote ameze kama kawaida.

"Na baba, kile kifua kikikubana ukiwa umekaa tu, usisubiri tarehe. Uje moja kwa moja, hata kama ni saa ngapi."

"Nimekusikia, mama."

Alikuwa amemsikia kweli. Tatizo ni kwamba alikuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza.

Chama cha marefa kilikuwa kimetoa agizo kwamba wakufunzi wote wa rika lake walete cheti cha daktari kabla ya msimu kuanza. Bila cheti, angekaa jukwaani akitazama wengine wakiwakimbiza vijana wake. Jambo hilo lilimnyima raha, akalipeleka, pamoja na masharti ya kipimo, kwa kinyozi wake, mtu ambaye hakuna ugonjwa ambao haujawahi kumpata mtu wa ukoo wake, na hakuna dawa asiyoijua.

"Wewe unataka cheti au unataka maneno?" kinyozi aliuliza, wembe ukiwa shingoni mwa mteja.

"Cheti."

"Basi kidonge meza. Kinapoza moyo, sivyo? Moyo ukipoa, mashine itapata la kusema? Halafu ile mashine ina vyuma vya pembeni, vishike barabara, vikubebe. Na ukibanwa, kaa kimya. Mashine haina mdomo, wewe ndiye mwenye mdomo."

Kipenga alijiambia anamsikiliza kwa adabu tu. Lakini asubuhi ya kipimo, mkewe alipokwenda kuoga, alijikuta amesimama mbele ya kabati na kile kidonge kwenye kiganja. Akakimeza, na juu yake akapiga funda mbili za kahawa, ya kuteremshia.

Chumba kilikuwa kidogo, cheupe, kinanukia spiriti. Mashine ya kukimbilia ilisimama katikati, mkanda wake mweusi mpana kama meza, na kila upande chuma cha kushikia kilichong'aa kwa mikono ya watu. Kando ya ukuta kulikuwa na kitanda, na karibu na mlango kitoroli chekundu cha dharura ambacho Kipenga aliamua kutokitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkwewe alikuwa amevaa koti jeupe na nywele amezifunga nyuma. Aliona jinsi mkono wa baba mkwe ulivyosita kwenye kifungo cha kwanza cha shati, na kabla hajasema neno alikuwa ameshamwita muuguzi wa kiume na kuvuta pazia. Muuguzi ndiye aliyemnyoa malaika ya kifua, akamsugua kwa spiriti mpaka ngozi ikawasha, akambandika vile vibandiko na nyaya zake, akamvalisha fulana nyepesi juu yake. Mkwe alibaki upande wa pili wa pazia, amelipa mgongo, anatazama kioo cha mashine.

"Kibandiko cha tatu kinatetemeka," alisema kutoka huko. "Kitoe, sugua tena, weka kipya."

Kipenga akashangaa. Kumwona, hamwoni, kibandiko anakijua.

Daktari alipoingia, mkanda ukaanza kutembea. Kila baada ya muda mashine iliongeza kasi kidogo na kuinua pua yake, mpaka ikawa kama anapanda kilima. Mikono ya Kipenga ikaenda kwenye vyuma.

"Baba, vyuma ni vya kugusa kwa ncha za vidole tu, usije ukapepesuka. Achia."

Akaachia. Mlima ukaongezeka. Akashika tena.

"Achia, baba."

Sauti ilikuwa ile ile ya nyumbani, ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, lakini haikuwa na pa kupenyea. Akaachia, na mara tu mkwe alipogeuka kumpima presha mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukarudi kwenye chuma, ukakaba. Kifuani lile goti lilikuwa limeanza kugusa, kwa mbali. Kipenga akang'ata meno na kuangalia ukuta.

"Unasikia chochote? Kifua, taya, mkono?"

"Nasikia njaa."

Daktari akacheka. Mkwe hakucheka. Alikuwa akitazama kioo, kisha mkono ulioshika chuma, kisha kioo tena.

"Baba, kile kidonge uliacha?"

"Niliacha."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkwe huyo, na ulimtoka mwepesi mno mpaka akajisikia vibaya.

Ilipofika mahali miguu imechoka, wakasimamisha. Kipenga akakaa kitandani, ametota, amejaa ushindi. Hakuanguka. Hakulalamika. Alisubiri kupongezwa.

"Tunarudia siku nyingine," mkwe alisema.

"Kurudia nini? Nimemaliza!"

"Umesimama, baba. Mapigo hayajafika tunapoyataka. Yamegoma katikati, na uzito wako nusu ulikuwa kwenye vyuma. Moyo haujafanya kazi ya kutosha kutuonyesha kitu."

"Kwa hiyo kuna ugonjwa?"

"Sijasema."

"Basi hakuna!"

"Hilo nalo sijasema." Akamsogelea kidogo. "Baba, mechi ikivunjika kabla ya muda kwisha, unamwandika nani mshindi?"

Kipenga alimgeukia daktari, mwanamume mwenzake. Daktari akainua mikono. "Usiniangalie mimi. Akikataa huyu, na mimi nimekataa."

Alirudi nyumbani amenuna kama shemeji. Kwa siku kadhaa habari yake ilikuwa moja: ameonewa. Mkwe anataka kumkomoa. Anataka kuonyesha wenzake kazini kwamba hana upendeleo, na mfano aliouchagua ni yeye. Mkewe alimsikiliza akichambua mboga.

"Na wewe ulipomtoa kaka yangu kwa kadi nyekundu," hatimaye akauliza, "ulikuwa unamkomoa?"

"Yule alicheza rafu!"

"Ahaa," alisema mkewe, na akaendelea na mboga zake.

Pengine angenuna mpaka msimu uanze, kama si miwani. Aliisahau mle chumbani siku ya kipimo, na baada ya kusoma magazeti kwa kuyasukuma mbali kama mtu anayefukuza inzi, alikubali kuifuata. Alifika asubuhi, kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akataka kubisha, akasita.

Mkwewe alikuwa juu ya mashine, peke yake, anatembea. Aliteremka, akapiga magoti, akaweka kipande cha utepe kwenye mkanda na kukitazama kikizunguka huku akiangalia saa. Aliinua pua ya mashine, akaipima mwinuko kwa pima maji, kama fundi mwashi anavyopima ukuta. Hakuridhika. Akaishusha, akaiinua tena, akapima tena. Hakukuwa na mtu wa kumwona, wala bosi wa kumsifu, na bado alifanya kila kitu polepole na sawasawa, kama mtu anayejua kuwa kuna mtu atapanda pale na kumwamini.

Kipenga alizijua asubuhi za namna ile. Yeye mwenyewe alikuwa akifika uwanjani kabla ya timu zote, anatembea mstari kwa mstari, anavuta nyavu za magoli kuona kama zina tundu. Wengi walimcheka. Alidhani amebaki peke yake duniani.

Angeingia wakati ule, lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshafika. Alikuwa bwana mkubwa, suti na msaidizi, simu mbili mkononi, na harufu ya kahawa ikamtangulia. Kipenga akakaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango.

"Nina mkutano," bwana mkubwa alisema. "Tufanye haraka haraka."

"Karibu sana. Umekunywa kahawa leo?"

"Kikombe tu. Vile vidogo."

"Basi leo hatutafanya. Nitakupa nafasi kesho kutwa."

"Dada, unajua mimi ni nani?"

"Najua, bosi. Ndiyo maana sitaki nikupe jibu la uongo." Sauti ile ile ya kuuliza chumvi. "Kahawa inaweza kuupeleka moyo wako mbio kabla hujaanza kukimbia, na mimi nikaandika kitu kisichokuwepo. Utakosa usingizi kwa ajili ya kikombe. Kesho kutwa, asubuhi hii hii, bila kahawa, bila chai, na soda yenye kafeini nayo usiiguse."

Bwana mkubwa alifoka kidogo, akataja jina la mganga mkuu, akatazama saa. Mkwe alimsubiri amalize, hakumkatisha wala hakurudi nyuma. Mwishowe bwana akatoka, na Kipenga akamsikia akimwambia msaidizi wake aandike kesho kutwa.

Baada yake akaingia mama mmoja mnene, muuza nguo, aliyeogopa mashine kuliko ugonjwa. Kipenga alisikia mkwe akisema atapandisha mguu wake mwenyewe kwanza kwenye mkanda kumwonyesha, akimfundisha kutupa hatua, akimwambia, "Mimi nipo hapa, mama, mkono wangu uko mgongoni mwako, na ukisema basi ni basi." Alisikia mkanda ukianza, na mama akipiga kelele, kisha akicheka. Alisikia mkwe akiuliza, na kuuliza tena, na tena, unasikia nini, unasikia wapi, kama ulivyosikia siku ile au vingine, na majibu yakimtoka mama bila woga.

Kipenga alikaa pale benchini, kofia magotini, akisikiliza. Aliwahi kuwaona marefa wakubwa wakichezesha, wale ambao wachezaji huwanung'unikia kwa midomo huku miguu ikitii. Hakuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angeolewa nyumbani kwake na kumwoshea vyombo.

Mama alipotoka, ndipo akabisha.

"Baba! Shikamoo. Umefuata miwani, nimekuwekea."

"Marahaba." Akaipokea, akaivaa, akaivua. "Mama, ile siku... nilimeza."

"Kidonge?"

"Na kahawa. Funda mbili. Na kile kifua... kiligusa. Nilikudanganya."

Aliinamisha kichwa akingoja maneno. Hayakuja. Alipoinua macho, mkwewe alikuwa akitabasamu, tabasamu pana ambalo alikuwa hajawahi kumwona nalo.

"Asante sana, baba. Unajua umenisaidia kiasi gani? Nilikuwa nawaza labda moyo wenyewe ndio unaogoma kupanda, na hilo ni jambo lingine zito. Sasa najua." Papo hapo akainua simu ya mezani kumpigia daktari, amweleze kwamba kifua kilibana.

Kipenga alikuwa amejiandaa kusamehewa. Hakuwa amejiandaa kushukuriwa. Alitoka mle ndani akiwa amemkasirikia kinyozi kidogo.

Daktari hakutaka kupoteza muda. Safari ya pili Kipenga alikuja ameyashika masharti yote, mpaka mkewe akaona yamezidi. Kipenga alimnusa hata mke huyo kuona kama amekunywa kahawa. Muuguzi alimsugua, akambandika. Kutoka nyuma ya pazia sauti ikasema, "Safi, michoro imetulia," na Kipenga akajisikia kama mtu aliyesifiwa mbele ya shule nzima.

Mkanda ukaanza. Mikono yake ikaning'inia pembeni, mitupu, haijui pa kwenda. Bila vyuma mashine ilikuwa kitu kingine kabisa. Miguu ilimbeba kweli, mapaja yakamwaka, pumzi zikaanza kupigana mlangoni. Pua ya mashine ikainuka.

"Vizuri, baba. Mikono hivyo hivyo."

Ikainuka tena. Jasho likaingia machoni. Na lile goti likaja. Halikugusa kwa mbali safari hii. Lilikuja taratibu, na uzito wake wote, likamkalia kifuani na kuanza kumvuta taya.

Kwa muda mfupi Kipenga alikuwa peke yake na mambo mawili. Upande mmoja kulikuwa na cheti, uwanja wa shule, vijana waliopangana mstari wakimsubiri. Hatua chache zaidi tu, ajikaze, nani atajua? Mashine haina mdomo. Upande mwingine kulikuwa na yule mwanamke mwenye koti jeupe, ambaye alipiga magoti asubuhi ile kupima mwinuko wa huu mlima ili usimdanganye mtu. Amempa mlima wa haki. Akimpa jibu la uongo, kazi yake yote ile ataifanya takataka.

"Baba, sura imebadilika. Sema."

"Ipo," Kipenga akasema. "Imekuja. Hapa kifuani, na hapa tayani. Kama ile ya ngazi. Ile ile."

"Kati ya kumi, maumivu ni ngapi?"

"Ilikuwa tatu. Sasa sita."

"Daktari," mkwe alisema, bila kupandisha sauti hata kidogo, "mistari inashuka."

"Naiona. Tusimamishe."

Mara mkanda ukateremka, ukapungua, na kabla miguu yake haijajua cha kufanya, mkono wa muuguzi ulikuwa huku na wa mkwe kule, wakamlaza. Dawa ikapulizwa chini ya ulimi wake, presha ikapimwa, na mkwe akabaki amesimama kichwani pake, macho kwenye kioo, akimwambia kila kilichokuwa kinatokea: sasa mapigo yanateremka, sasa mistari inarudi, maumivu yamefika ngapi, nne, mbili, vizuri. Aliendelea kumwangalia muda mrefu baada ya maumivu kwisha, mpaka Kipenga akamwambia amepona, aende akanywe chai.

"Bado, baba. Moyo mwingine husema neno lake mtu akiwa amepumzika."

Daktari alivuta kiti. Utani ulikuwa umemtoka machoni, lakini sura yake ilikuwa nzuri.

"Nimeshindwa?" Kipenga akauliza.

"Hapa hatushindwi wala hatushindi. Leo moyo wako umesema, na umesema kwa sauti. Kuna mshipa unaobanwa. Damu inatosha ukiwa umekaa, ukikimbia haitoshi. Ni kitu tunachoweza kukishughulikia." Akatua. "Lakini nikwambie ukweli. Ile karatasi ya kwanza ilikuwa nzuri ya kupendeza. Mtu mwingine angeipokea, akakupa cheti, ukaenda kukimbia na vijana. Huyu hapa aliniambia, daktari, karatasi hii haina kosa ila haina maana."

Mkwe alijifanya anapanga nyaya.

Walimlaza hapo hapo, na siku iliyofuata wakapiga picha ya mishipa ya moyo. Mshipa mmoja mkubwa ulionekana umebana katikati kama mpira wa maji uliokanyagwa. Wakaufungua na kuuwekea kijibomba kidogo cha waya cha kuuzuia usijifunge tena. Kipenga alikuwa macho wakati wote, akaangalia kwenye televisheni yao damu ikipita ghafla mahali ilipokuwa haipiti, akatokwa na machozi bila aibu. Mwanawe alikuja mbio kutoka mnarani na vumbi lake, akakaa kando ya kitanda akimshika mguu kama mtoto.

Ikafuata miezi ya kutembea. Kwanza ukumbini, halafu mtaani na mkewe, ambaye alitembea upesi kuliko yeye na hakuacha kumkumbusha. Kinyozi alimlaki kwa furaha na kumpa dawa ya majani ya kusafisha mishipa. Kipenga akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamweleza mambo ya vidonge na vyuma kwa kirefu, mbele ya wateja wote, mpaka kinyozi akasema basi bwana, nimeelewa, acha ninyoe.

Msimu ulipokaribia, daktari akamwita tena apande mashine. Mkwe akamweleza masharti, na Kipenga akashtuka.

"Nimeze vidonge vyote? Si nilifukuzwa kwa ajili ya kidonge?"

Mkwe akacheka. "Wakati ule swali lilikuwa, kuna ugonjwa au hakuna, na kidonge kilikuwa kinauficha. Leo ugonjwa tunaujua. Swali ni, ukiwa na dawa zako, unavyoishi kila siku, moyo unaweza kazi kiasi gani? Ukiacha kumeza utanijibu swali ambalo sikukuuliza."

Kipenga alilizungusha jambo hilo kichwani siku nzima. Lilimfurahisha kama kanuni mpya ya mpira iliyokaa sawa.

Alipanda, mikono mitupu, akapanda, akapanda. Aliulizwa kila mara anasikia nini, naye akajibu kila mara, wakati mwingine hata bila kuulizwa: mapaja yanawaka, pumzi zinatosha, kifua kimya. Goti halikuja. Alipoomba kusimama ni kwa sababu miguu ilikuwa imekwisha kweli, na mkwe akapima, akasubiri, akatazama mistari kutoka mwanzo hadi mwisho, akairudia. Hakuwa na haraka, na Kipenga, aliyekuwa akingoja cheti kwa miezi, akagundua kwamba na yeye hana haraka.

"Kukimbia polepole, ndiyo," hatimaye mkwe alisema. "Kushindana na vijana, hapana. Ukisikia chochote, unasimama. Daktari ataweka sahihi."

"Wewe umeridhika?"

"Nimeridhika, baba."

Jioni ile mwanawe alipiga simu kutoka huko minarani, upepo ukivuma sikioni, kuuliza habari za kipimo. Kipenga alikuwa amekaa varandani, na kutoka jikoni zilisikika sauti za mkewe na mkwe wakicheka jambo lao.

"Nimepita," alisema. "Na sikiliza. Wewe mkeo ulishawahi kumwona akiwa kazini?"

"Kazini? Hapana, baba. Nikaone nini?"

"Chukua likizo siku moja, uende ukakae kwenye lile benchi la nje. Usiseme kitu. Sikiliza tu." Akafikiri kidogo. "Na usinywe kahawa kabla ya kwenda. Atajua."